Namna Taasisi ya Umma Inavyoweza Kununua Huduma za Wingu Vizuri: Mwongozo Kamili

Utaratibu wa ununuzi wa umma umezoea vitu vinavyohesabika. Magari kumi, madawati mia tano, jengo moja: bei inajulikana mapema, mzigo unapokelewa, kamati ya mapokezi inasaini, faili linafungwa. Huduma za wingu, yaani kompyuta, hifadhi na programu za kampuni nyingine unazozitumia kupitia mtandao, haziingii kirahisi katika utaratibu huo. Hapa unanunua matumizi ambayo bado hayajatokea, yanayopimwa kwa saa, kwa gigabaiti na kwa idadi ya maombi yanayotumwa kwenye mfumo, na bei yake kamili utaijua mwezi ukiisha. Taasisi inayonunua wingu kwa mazoea ya kununua seva hujikuta na makaratasi yaliyonyooka na ankara ambayo hakuna anayeweza kuieleza.

Mwongozo huu ni wa watu watatu wanaopaswa kukaa meza moja tangu siku ya kwanza: mtu wa TEHAMA, mtu wa ununuzi na mtu wa fedha. Mwanasheria asiwe mbali. Nasisitiza jambo hili kwa sababu matatizo mengi nitakayoyataja huzaliwa pale ambapo mmoja wa hao aliletewa faili likiwa limeshaiva.

Kwanza, elewa unachonunua

Mwaka 2011, NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, ilitoa ufafanuzi wa wingu ambao hadi leo unatumika karibu kila mahali. Unataja sifa tano. Mtumiaji anajihudumia mwenyewe bila kumsubiri mtu wa upande wa pili; huduma inafikika kupitia mtandao; mitambo inatumiwa kwa pamoja na wateja wengi; uwezo unaongezeka na kupungua haraka; na matumizi yanapimwa. Ukikuta mzabuni anakodisha seva kwa bei ya mwezi isiyobadilika, na kila badiliko dogo linahitaji barua, huyo anauza upangishaji wa kawaida. Huenda ndio unaokufaa, ila usiulipie bei ya wingu.

Sifa mbili kati ya hizo tano zinageuza kazi ya ununuzi yenyewe. Kujihudumia maana yake ni kwamba fundi mwenye ruhusa anaweza kuwasha mashine kubwa saa nne usiku, bila hati ya kuagiza wala saini ya mtu yeyote, na deni likaanza kuhesabika papo hapo. Kupimwa kwa matumizi maana yake ni kwamba mashine hiyo ikisahaulika itaendelea kulipiwa, kama bomba lililoachwa wazi mbele ya mita. Udhibiti uliokuwa kwenye hati ya kuagiza sasa umehamia kwenye ruhusa za mfumo: nani anaweza kuwasha nini, wapi, na kwa kiasi gani. Karibu kila ninachoshauri hapa chini kinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Orodhesha mifumo, kisha uamue mmoja mmoja

Usianze na mtoa huduma. Anza na orodha ya mifumo mliyonayo: inafanya kazi gani, nani anaitegemea, inatumia hifadhidata gani, leseni zake zinasemaje, inaongea na mifumo ipi mingine, na ikizimika kwa saa moja, siku moja au wiki moja nani ataumia. Swali hilo la mwisho liulizwe kwa watumiaji wenyewe. Mfumo wa mishahara unaweza kuvumilia kuzimika siku nyingi za mwezi, lakini si siku mbili kabla ya malipo. Mfumo wa hospitali hauvumilii hata kidogo.

Kwa kila mfumo, amua ngazi ya huduma. Kuna programu kamili unayoifungua na kuitumia, kama barua pepe; kuna jukwaa ambalo wataalamu wenu wanaweka programu yao juu yake bila kuhangaika na seva; na kuna miundombinu tupu, yaani mashine, hifadhi na mtandao. Kadiri unavyoshuka kuelekea miundombinu, ndivyo kazi ya kusimamia inavyobaki mikononi mwenu. Taasisi yenye mafundi wawili ikinunua miundombinu tupu kwa mifumo ishirini imejinunulia kazi ambayo haina wa kuifanya.

Baadhi ya mifumo itabaki pale ilipo, na hilo halina aibu. Marekani ilitangaza sera ya "wingu kwanza", inayotaka wingu lifikiriwe kabla ya njia nyingine, mwishoni mwa 2010, na Uingereza ikafuata na yake mwaka 2013. Kufikia 2019 serikali ya Marekani ilikuwa imeshaachana na msimamo huo na kuweka mkakati unaotaka kila uamuzi upimwe kwa usalama, ununuzi na uwezo wa watumishi. Mfumo wa zamani uliohamishwa ulivyo, bila kurekebishwa, mara nyingi hugharimu zaidi kwenye wingu, kwa sababu uliandikwa kwa mashine isiyozimwa kamwe.

Hatua ya 2: Pangia data madaraja kabla ya kuongea na wauzaji

Tenganisha data ya wazi, data ya ndani, data binafsi za wananchi na data nyeti za dola. Madaraja matatu au manne yanatosha. Ukiwa na saba, watumishi wataweka kila kitu kwenye daraja la juu ili wasilaumiwe, na gharama itapanda bila sababu.

Kisha jibu maswali matatu ambayo watu huyachanganya kuwa moja. Data itakaa wapi? Watu wanaoweza kuifikia, wakiwemo mafundi wa huduma kwa wateja, wako wapi? Na kampuni inayoihifadhi inawajibika kwa sheria za nchi gani? Data inaweza kukaa ndani ya mipaka yako na bado kampuni ikalazimishwa kuitoa na mahakama ya nchi nyingine. Sheria ya Marekani iitwayo CLOUD Act, ya mwaka 2018, inasema kampuni iliyo chini ya mamlaka ya nchi hiyo inaweza kutakiwa kutoa data iliyo mikononi mwake hata kama imehifadhiwa nje. Julai 2020 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilifuta makubaliano ya kupeleka data binafsi Marekani yaliyojulikana kama Privacy Shield, na taasisi zilizokuwa zimejiegemeza hapo zikalazimika kutafuta msingi mwingine wa kisheria.

Kwa hiyo kifungu cha "data ibaki nchini" peke yake hakikulindi vya kutosha. Kwa data za daraja la juu, uliza kuhusu usimbaji fiche, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, na hasa nani anashika funguo. Mtoa huduma akishika data na funguo pia, unategemea ahadi yake. Taasisi ikishika funguo zake yenyewe, ulinzi unaongezeka, na mzigo unaongezeka pia: funguo zikipotea, data imepotea. Uamuzi huo ufanywe kwa kila daraja, na uandikwe.

Hatua ya 3: Piga hesabu kamili, na uiandae bajeti kupokea bei inayocheza

Kulinganisha bei ya seva na bei ya wingu kunapotosha ukiacha nje umeme, jenereta, viyoyozi, chumba, ulinzi, matengenezo, leseni na mishahara. Upande wa wingu nako kuna vitu vinavyosahaulika: gharama ya kutoa data kwenda nje, nakala rudufu, kuhifadhi logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo), msaada wa kiufundi wa kulipia, laini ya mtandao iliyo imara, na kipindi cha mpito ambapo unalipia mfumo wa zamani na mpya kwa pamoja. Kipindi hicho huwa kirefu kuliko kilivyopangwa. Weka fedha yake.

Leseni zinastahili jicho la pekee. Programu mliyoinunua kwa matumizi ya seva zenu inaweza kukosa ruhusa ya kuendeshwa kwenye wingu la kampuni nyingine, au ikaruhusiwa kwa bei ya juu zaidi. Julai 2025 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilimaliza uchunguzi wake wa soko la wingu, na masharti ya leseni yalikuwa miongoni mwa mambo iliyosema yanaumiza ushindani. Soma mikataba yenu ya leseni kabla ya kuandika zabuni.

Kuna mambo mawili ya kifedha yanayoumiza taasisi za umma kuliko kampuni binafsi. La kwanza ni fungu lenyewe. Seva zilinunuliwa kwa fedha za maendeleo, mara moja kila miaka kadhaa. Wingu linalipiwa kwa fedha za matumizi ya kawaida, kila mwezi, milele. Fungu lisipohamishwa mapema, mradi utakamilika vizuri na mwaka unaofuata utakosa fedha ya kuuendesha. La pili ni sarafu. Bei nyingi hupangwa kwa dola, bajeti ni ya fedha za ndani, na thamani ikishuka katikati ya mwaka, matumizi yaleyale yanakuwa deni. Kama sheria zenu zinaruhusu bei kwa fedha za ndani kwa kipindi fulani, omba. Kama haziruhusu, tenga akiba na uitaje wazi katika bajeti.

Mwisho wa mwaka wa fedha una kishawishi chake. Fedha imebaki, mtu anashauri inunuliwe salio la wingu la kutumia baadaye. Kabla ya kukubali, uliza salio hilo linaisha lini, linafaa huduma zipi, linarudishwa au halirudishwi, na kama sheria za fedha zinaruhusu kulipia huduma ambayo haijatolewa.

Hatua ya 4: Chagua njia ya ununuzi

Njia ya kawaida ya zabuni, ambapo kila hitaji linatangazwa upya, ni nzito mno kwa huduma inayobadilika kila mwezi. Nchi nyingi zimeelekea kwenye mikataba mwavuli: masharti na watoa huduma vinakubaliwa mara moja kitaifa, kisha kila taasisi inaagiza kutoka humo. Uingereza ilianza G-Cloud mwaka 2012 kwa mtindo huo, ikiwa na katalogi ambamo kampuni ndogo na kubwa zinaorodhesha huduma na bei zake. Kama mamlaka yenu ya ununuzi au wakala wa serikali mtandao ana mkataba wa aina hiyo, anzia hapo. Masharti yaliyojadiliwa kwa niaba ya serikali nzima ni bora kuliko yale utakayoyapata peke yako.

Swali la mtoa huduma mmoja au wengi lina historia ya kufundisha. Mwaka 2019 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilimpa Microsoft mkataba wa wingu uitwao JEDI, wa hadi miaka kumi na thamani ya hadi dola bilioni 10, mshindi akiwa mmoja tu. Kesi zikafuata. Julai 2021 mkataba ukafutwa, wizara ikisema mahitaji yalishabadilika, na Desemba 2022 mahali pake pakachukuliwa na mkataba wa Amazon, Google, Microsoft na Oracle wenye kikomo cha dola bilioni 9. Funzo langu hapo si kwamba kila taasisi iwe na watoa huduma wanne. Taasisi ndogo ikigawanya mifumo yake kwa kampuni tatu itahitaji mafundi wanaozijua zote tatu, na haitawapata. Mimi ningeshauri mtoa huduma mkuu mmoja kwa miundombinu, nakala rudufu mahali pengine, na mkataba mfupi unaoweza kuongezwa.

Mara nyingi utanunua kupitia wakala, kwa sababu kampuni kubwa haiuzi moja kwa moja au haikubali sarafu yenu. Hapo shika mambo mawili bila kulegea. Akaunti kuu isajiliwe kwa jina la taasisi na kwa barua pepe ya kiofisi isiyo ya mtu binafsi. Na muweze kuona ankara ya asili ya mtoa huduma, pamoja na ile ya wakala. Akaunti ikiwa ya wakala, siku mkigombana naye mifumo yenu itakuwa mateka.

Hatua ya 5: Andika zabuni inayoeleza matokeo

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchukua vigezo vya seva za zamani na kuvibandika kwenye zabuni ya wingu: idadi fulani ya mashine, kumbukumbu kiasi fulani, diski za aina fulani. Eleza kazi. Watumiaji wangapi kwa wakati mmoja, siku ya kawaida na siku ya kilele. Ukurasa ufunguke ndani ya sekunde ngapi. Mfumo ukianguka urudi ndani ya muda gani. Na kazi ya dakika ngapi inaruhusiwa kupotea. Usitaje jina la bidhaa isipokuwa pale ambapo mfumo uliopo hauwezi kuendeshwa na kitu kingine, na hapo eleza sababu kwa maandishi.

Usidai visivyowezekana. Mtoa huduma mwenye mamilioni ya wateja hatakubali kila mteja aingie kwenye kituo chake cha data na kukagua mwenyewe. Omba vyeti na ripoti za wakaguzi huru: ISO/IEC 27001 kwa usimamizi wa usalama wa taarifa, 27017 kwa usalama wa wingu, 27018 kwa data binafsi kwenye wingu la umma, na ripoti ya SOC 2, ya mkaguzi huru kuhusu namna mtoa huduma anavyodhibiti usalama. Kisha zisomeni. Cheti kina wigo wake: kinaweza kuhusu kituo kimoja cha data, au huduma tofauti na ile mnayonunua. Kamati inayoweka alama ya tiki kwa sababu cheti kimeambatishwa haijafanya tathmini.

Bei ndiyo sehemu ngumu zaidi. Ukilinganisha bei ya saa moja ya mashine, kila mzabuni atashusha bei ya hicho kimoja na kupandisha vingine. Tengeneza kapu la matumizi: mashine hizi kwa saa hizi, hifadhi kiasi hiki inayokua kwa kiasi hiki kila mwezi, data inayotoka kiasi hiki, nakala rudufu, msaada wa kiufundi. Kila mzabuni alipangie bei kapu lilelile kwa hali tatu: mkitumia nusu ya mlivyotarajia, mkitumia kama ilivyotarajiwa, na mkitumia mara mbili. Ongeza hali ya nne, ambayo wengi huiacha: gharama ya kuhamisha kila kitu kwenda kwingine mwisho wa mkataba. Hali hiyo ya nne hubadilisha mshindi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kwa kuwa huduma mpya zitatokea mkataba ukiendelea, omba punguzo la asilimia kutoka kwenye orodha ya bei iliyo wazi kwa umma, badala ya kugandisha bei za vitu vya leo. Bei ikishuka sokoni, ishuke na kwenu.

Kazi ya kuhamisha mifumo na mafunzo itenganishwe na matumizi yenyewe. Ni ujuzi tofauti, na mkivichanganya hamtajua fedha imeliwa na kipi.

Hatua ya 6: Mkataba, na yale yanayofichika ndani yake

Mtoa huduma atakuja na masharti yake ya kawaida, mengine yakiwa ni viungo vya kurasa anazoweza kuzibadilisha wakati wowote. Huwezi kuyaandika upya yote. Unachoweza kupata ni kifungu kinachosema hati ipi inatangulia pale zinapogongana, na kwamba badiliko linalopunguza usalama au kiwango cha huduma linakupa haki ya kuondoka bila faini.

Tafsirini asilimia ziwe saa. Upatikanaji wa asilimia 99.9 unaruhusu mfumo kuzimika kama saa 8 na dakika 46 kwa mwaka, asilimia 99.99 inaruhusu kama dakika 53. Asilimia 99.5, inayosikika nzuri, inaruhusu zaidi ya saa tatu na nusu kila mwezi. Halafu soma fidia. Kwa kawaida ni punguzo la ankara ya huduma iliyoanguka, mara nyingi kuanzia asilimia 10, na mteja asipoidai ndani ya muda uliowekwa anaikosa. Haifidii wananchi waliopanga foleni siku nzima. Ndiyo maana uimara utafutwe kwenye usanifu wa mfumo, kwa kuuweka kwenye vituo zaidi ya kimoja, kuliko kuutafuta kwenye vifungu vya adhabu.

Mgawanyo wa wajibu uandikwe kwa lugha ambayo mkurugenzi anaielewa. Mtoa huduma analinda majengo, mitambo na programu za msingi. Taasisi inabaki na data, akaunti za watumiaji, mipangilio na, kwenye miundombinu tupu, hata masasisho ya mfumo endeshi. Hifadhi iliyoachwa wazi kwa dunia nzima kwa sababu ya mpangilio mbovu ni kosa la mteja, na mkataba utasema hivyo.

Vifungu vingine vya kusimamia kwa nguvu: data ni mali ya taasisi, haitumiki kufundisha mifumo ya akili bandia wala kwa matangazo, wakandarasi wadogo wanatajwa, wakaguzi wa serikali wanapata taarifa wanazohitaji, na taarifa ya uvujaji inaletwa haraka. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya inaipa taasisi inayowajibika kwa data saa 72 kuijulisha mamlaka ya ulinzi wa data tangu inapojua, na sheria yenu inaweza kuwa na muda wake. Chochote kile, muda aliopewa mtoa huduma lazima uwe mfupi kuliko muda mliopewa nyinyi.

Kuna kifungu kimoja ambacho taasisi za umma hukipita haraka: kusimamishwa kwa huduma kwa kuchelewa kulipa. Masharti ya kawaida yanaweza kutoa siku chache tu, wakati malipo ya serikali hupita mikono mingi na fedha huchelewa kutoka. Jadilini muda mrefu wa taarifa, barua kwa afisa masuuli kabla ya kuzimwa, na marufuku ya kufuta data kipindi hicho. Fikirieni zahanati isiyoweza kufungua kumbukumbu za wagonjwa kwa sababu hati ya malipo imekwama kwenye meza ya mtu. Kifungu hiki kina thamani kuliko punguzo la bei.

Hatua ya 7: Andaa njia ya kutoka kabla hujaingia

Mwaka 2024, kati ya Januari na Machi, Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kwa nyakati tofauti kwamba mteja anayehama kabisa hatatozwa gharama ya kutoa data yake. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, imekwenda mbali zaidi: taarifa ya kuhama isizidi miezi miwili, na kuanzia tarehe 12 Januari 2027 tozo za kuhama zinapigwa marufuku. Hata kama sheria hiyo haiwahusu, kampuni zimeshajipanga kuitekeleza, na mnaweza kuomba masharti kama hayo.

Hata hivyo kinachomfunga mteja zaidi ni programu iliyojengwa juu ya huduma ambayo ni ya kampuni hiyo tu. Si lazima kuziepuka zote. Baadhi zinaokoa kazi kubwa. Ila kila mnapoitumia moja, andikeni ni ipi, kwa nini, na kuibadilisha kutahitaji nini. Hifadhidata za chanzo huria na miundo ya data inayosomeka kokote hupunguza mzigo huo. Mara moja kwa mwaka chukueni mfumo mmoja, toeni data yake yote, na muifungue mahali pengine. Mpango wa kuhama ambao haujajaribiwa ni karatasi tu.

Nakala rudufu ni ndugu wa jambo hili. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, na baadhi ya wateja waliokuwa wameweka nakala palepale walipoteza vyote. Mei 2024 akaunti ya mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper ilifutwa kwa kosa la mipangilio kwenye wingu la Google. Nakala zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine zilisaidia kuurudisha. Na wale wanaoamini kwamba jengo lao wenyewe ni salama zaidi watazame Korea Kusini: tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri kwenye kituo cha data cha serikali mjini Daejeon ulizimisha mifumo zaidi ya 600, na hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma yenye terabaiti 858 ikapotea kwa kukosa nakala nje ya kituo. Nakala moja ikae kwa mtoa huduma mwingine au mahali pengine kabisa, chini ya akaunti na nywila tofauti, na jaribio la kuirejesha lifanyike kwa ratiba.

Hatua ya 8: Siku ya kusaini ndiyo kazi inaanza

Kabla mashine ya kwanza haijawashwa, pangeni akaunti: tenganisha mifumo inayohudumia wananchi na ile ya majaribio. Akaunti kuu ifungwe kwa uthibitishaji wa hatua mbili na isitumike kwa kazi za kila siku. Zuieni kwa mipangilio, wala msitegemee waraka, aina za mashine kubwa na maeneo ya kijiografia msiyoyaruhusu. Kila rasilimali ibebe lebo ya idara, mfumo na jina la cheo cha anayewajibika; isiyo na lebo izimwe baada ya onyo. Bila lebo, ankara ya kurasa arobaini haina mwenyewe.

Wekeni tahadhari za bajeti kwenye asilimia 50, 80 na 100, na mkumbuke kwamba tahadhari ya kawaida hutuma ujumbe tu, haizimi kitu. Lazima awepo mtu anayeipokea na mwenye mamlaka ya kuchukua hatua.

Akiba kubwa ya kwanza hupatikana kwa kuzima. Wiki ina saa 168. Mazingira ya majaribio yanayotumika saa 12 kwa siku tano yanahitaji saa 60, kwa hiyo karibu theluthi mbili ya muda wa mashine hizo inalipiwa bure zikiachwa zinawaka. Akiba ya pili ni kupunguza ukubwa wa mashine zisizotumika kikamilifu. Baada ya hapo ndipo mfikirie kuahidi matumizi ya mwaka mmoja au mitatu ili kupata punguzo. Muuzaji atapendekeza ahadi hiyo siku ya kwanza. Subirini angalau miezi mitatu ya vipimo, kwa sababu mkiahidi mapema mtaahidi pamoja na ubadhirifu wenu.

Anzeni na mfumo mmoja mdogo lakini wa kweli, wenye watumiaji na data halisi. Utafundisha mengi ambayo waraka hauwezi, hasa kuhusu mtandao na ruhusa. Wafunzeni watumishi wenu na muwape nafasi ya kubaki na ujuzi huo. Taasisi ambayo mtu pekee anayeelewa akaunti yake ni mshauri wa nje haiwezi kumsimamia mshauri huyo wala mtoa huduma.

Kila mwezi wale watatu wa meza moja wakutane kwa saa moja wakiwa na ankara mbele yao: kipi kimepanda, nani anakijua, kipi kizimwe, na makadirio ya kufikia mwisho wa mwaka wa fedha yako wapi ukilinganisha na fungu. Miezi kumi na miwili kabla ya mkataba kuisha, anzeni kupima soko upya kwa kapu lilelile la matumizi, sasa likiwa na takwimu halisi badala ya makisio. Mkiamua kuhama, msifunge akaunti ya zamani mpaka data imehesabiwa na kufunguliwa upande mpya, na msilipe ankara ya mwisho bila uthibitisho wa maandishi kwamba nakala zote zilizobaki zimefutwa, zikiwemo zile zilizo kwenye hifadhi rudufu za mtoa huduma.